Ishara na Maana katika Mawasiliano: Mifano kutoka Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Wachunguzi wa lugha wamezoea kuanza na neno. Hata hivyo, katika mazungumzo ya watu neno halitoki peke yake. Hufuatana na jicho, mkono, mkao wa mwili, umbali baina ya wasemao, na hata kimya. Waswahili wamelitambua jambo hili tangu kale, ndipo wakasema, "Akufukuzaye hakwambii toka." Mgeni anayekaribishwa kwa ulimi na kufukuzwa kwa uso anatarajiwa kuufuata uso.

Mwaka 1959 Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitoa kitabu chake The Silent Language, ambamo alieleza kwamba matumizi ya wakati na ya nafasi ni mambo ambayo mtu hujifunza katika utamaduni wake. Paul Ekman naye, katika uchunguzi alioufanya tangu miaka ya 1960, alitetea rai kwamba baadhi ya sura za uso, kama vile za furaha na hofu, hutambulikana katika tamaduni nyingi. Rai hizi mbili si lazima zipingane. Hofu yaweza kutambulikana kote. Lakini kuinamisha macho, kuinua mikono au kusimamisha nguzo ni mambo yasiyoeleweka bila ya kuzijua mila zilizoyazaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hatari kubwa katika mawasiliano ya ishara haitokani na kutoelewa. Hutokana na kudhani kwamba mtu ameelewa.

Ishara za kila siku

Kiswahili kina vitenzi vingi vya ishara: kukonyeza, kusonya, kubetua midomo, kukunja uso, kukodoa macho. Baadhi ya vitenzi hivyo hubeba hukumu pamoja na tendo. Asemaye kwamba fulani amesonya amekwisha kueleza dharau au kero. Vingine havina ukamilifu huo. Kutikisa kichwa, kwa mfano, hutumika kwa mwenye kukubali na kwa mwenye kukataa, na mwandishi wa hadithi hulazimika kuongeza neno la kubainisha. Zipo pia ishara zilizogeuka kuwa maneno. Asili ya "shikamoo" huelezwa kuwa ni kushika miguu ya mkubwa. Mwili umeacha kuinama, lakini neno bado linainama.

Katika malezi ya pwani mtoto anayesemeshwa na mkubwa huinamisha macho, na akipewa kitu hupokea kwa mkono wa kulia. Hayo ndiyo adabu. Mgeni kutoka Ulaya, aliyelelewa kuamini kwamba msema kweli humtazama mwenziwe machoni, aweza kumdhania mtoto huyo kuwa anaficha jambo. Vivyo hivyo, mtu wa pwani humwita mwenziwe kwa kupunga mkono, kiganja kikielekea chini; mgeni asiyeijua ishara hiyo hudhani anafukuzwa. Kosa la pili laweza kusahihishwa papo hapo, kwa kuwa aitwaye asipokuja ataitwa tena. La kwanza ni zito zaidi. Mwalimu, daktari au hakimu aliyekwisha kuamua kwamba macho yaliyoinama ni ya mwongo hana sababu ya kuuliza, na aliyeinamisha macho hajui kwamba amekwisha kuhukumiwa.

Malindi, Aprili 1498

Mfano ulio wazi zaidi wa kosa la namna hii ulitokea katika bandari ya Malindi, mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga huko. Kumbukumbu za safari hiyo, zilizoandikwa na mmojawapo wa wasafiri, zaeleza kwamba walikuta majahazi manne ya Wahindi. Mabaharia wao walipopanda katika merikebu ya Wareno walionyeshwa picha takatifu ya Mariamu akiwa na Yesu mikononi. Wahindi wakasujudu, na kwa muda wote Wareno walipokuwapo wakawa wakija kuomba mbele ya picha hiyo, wakileta karafuu na pilipili manga kuwa sadaka. Wareno wakakata shauri kwamba hao ni Wakristo wenzao.

Wataalamu wengi wa historia wanakubaliana kwamba mabaharia hao walikuwa Wahindu. Dalili ilikuwapo: kumbukumbu hizo hizo zasema kwamba Wahindi waliwaeleza Wareno kuwa hawali nyama ya ng'ombe. Lakini kusujudu kulikuwa kumekwisha kusema yale ambayo Wareno walitaka kusikia. Walipofika Calicut mwezi wa Mei waliingia katika hekalu la Kihindu wakiliona kuwa ni kanisa, na dhana hiyo ikarudi nao Ureno mwaka 1499.

Msafiri huyo huyo aliandika kuhusu mapokezi ya mfalme wa Malindi: kiti chake, mwavuli wake, na pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, zenye kimo cha mtu, zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni. Msomaji wa pwani atatambua mara moja kwamba hizo ni siwa. Mwandishi alizitaja miongoni mwa ala za muziki. Sauti aliisikia, lakini kwamba siwa ni alama ya enzi, hilo halikumfikia.

Vigango vya Wagiriama

Nguzo ya Vasco da Gama, yenye msalaba juu yake, ingali imesimama Malindi, wala hapana aliyeiokota kwa kudhani imetupwa. Nguzo nyingine za pwani hiyo hazikupata heshima kama hiyo. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, ambayo Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Roho ya marehemu huaminiwa kuwa imo humo, na haifai kigango kuhamishwa. Kwa sababu hiyo, jamaa wakihamia kwingine, vigango hubaki penye mji wa zamani.

Kwa mwenye mila, kigango kilichobaki peke yake chasema, "Msiniguse." Kwa wafanyabiashara wa sanaa kilisema, "Sina mwenyewe." Vigango vingi viliuzwa ng'ambo na kuingia katika makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirejeshwa mwaka 2007, baada ya kutambuliwa kwa msaada wa picha iliyopigwa kabla ya wizi.

Hitimisho

Mifano hii yawahusu wanaoshughulikia lugha. Kamusi inayofasiri "kuinamisha macho" kwa tendo la mwili tu haijamaliza kazi. Yapasa ieleze pia ni nani humfanyia nani, na kwa maana gani. Mtafiti anayenasa sauti peke yake ananasa nusu ya mazungumzo. Na mwalimu wa Kiswahili kwa wageni hana budi kufundisha kwamba, panapo ishara, swali la kwanza ni lile ambalo Wareno hawakuwauliza Wahindi wa Malindi: mnachokifanya hapa, kwenu huitwaje?