Kanda ya CCTV Haiombwi kwa Sheria ya Habari

Sheria ya Kupata Habari ya Kenya, iliyotungwa mwaka 2016, humfungulia raia kumbukumbu za serikali kuhusu kamera za barabarani: ziko ngapi, ziligharimu kiasi gani, nani huzitazama, na picha zake huhifadhiwa kwa muda gani. Hata hivyo, linaloulizwa karibu kila mara si lolote kati ya hayo. Huulizwa barua ya kuomba habari iandikwe vipi ili mtu aliyenyang'anywa simu River Road, Nairobi, apewe video ya mwizi wake. Barua hiyo inaweza kuandikwa kwa ufasaha wowote, video haitatoka.

Imani kwamba barua inaweza kuitoa video ina mantiki ya juujuu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Picha za kamera za polisi ni habari, na ziko mikononi mwa dola. Basi raia na apewe. Wanaoshikilia hoja hii huwa wamesoma kifungu cha 35 na kukiruka cha 31, kinacholinda faragha. Wamekiruka pia kifungu cha 6 cha Sheria yenyewe, kinachozuia habari ambazo kuzitoa ni kuingilia isivyostahili faragha ya mtu mwingine asiye mwombaji.

Dakika moja ya kanda ya mtaani haimwonyeshi mwizi peke yake. Inamwonyesha mchuuzi, mwanafunzi, mama anayetoka kliniki, mteja anayeingia kwa wakili wa talaka, pamoja na nambari za magari yote yaliyopita. Kama ombi la raia mmoja lingetosha kuitoa kanda hiyo, lingetosha pia kwa mume anayemvizia mkewe na kwa genge linalotaka kujua mwenye duka hufunga saa ngapi. Sheria haimruhusu afisa kulipima ombi kwa nia ya mwombaji. Kutoulizwa sababu ndiyo nguvu ya sheria hii inapohusu mikataba na hesabu za fedha, na ndiko kunakoifanya isifae kwa picha za watu. Kizuizi cha faragha kinaweza kuondolewa pale manufaa ya umma yanapozidi madhara, kwa mfano kanda inapohusu raia aliyeuawa na askari. Simu iliyoibwa, hata iwe ya bei gani, haifiki kiwango hicho.

Faragha ikiwekwa kando, saa peke yake inatosha kuizika imani hii. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea nyingine zisizozidi 14 ikiwa habari ni nyingi au inahitaji kushauriana na wengine. Jumla ni siku 35. Mashine ya kurekodi haina subira hiyo. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 16 hujaza karibu gigabaiti 700, na diski ya terabaiti 8 humalizika kabla ya siku ya kumi na mbili kwisha, kisha mashine huanza kurekodi juu ya picha za zamani. Mifumo mikubwa ina hifadhi kubwa zaidi, lakini hesabu ni ileile: picha isiyotengwa mapema hufutwa na zinazofuata. Mwombaji anayehesabu siku 21 huenda anasubiri kitu ambacho hakipo tena.

Njia za mkato zinazopendekezwa hazina nafuu. Kudai jibu katika saa 48 hakusaidii, kwa kuwa muda huo ni wa habari zinazogusa uhai au uhuru wa mtu, si mali yake. Kutuma nakala za barua kwa waziri, gavana na mbunge kunaongeza gharama ya kutoa kopi tu. Mbaya kuliko zote ni kumpa mtumishi wa chumba cha kamera kitu kidogo ili airekodi skrini kwa simu yake. Kutoa au kuchukua data binafsi bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo aliyeibiwa hugeuka mshukiwa. Mahakamani nako kipande hicho hakina miguu, kwa maana kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza jinsi ulivyotolewa na mashine iliyoutoa.

Sheria ya habari ina kazi yake, na haitumiwi vya kutosha. Baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, serikali iliingia mkataba na Safaricom mwaka 2014 wa kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano wenye kamera zipatazo 1,800 Nairobi na Mombasa, kwa takriban shilingi bilioni 15. Hapo kuna mengi ya kuomba: mkataba, malipo ya matengenezo, idadi ya kamera zinazofanya kazi, kanuni za kuhifadhi na kufuta picha, orodha ya ofisi zinazoweza kuzitazama, kama mfumo unatambua sura, na tathmini ya athari kwa ulinzi wa data. Jibu la kwamba mkataba una kipengele cha usiri si la mwisho: Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru serikali itoe habari za mikataba ya reli ya SGR iliyokuwa imezinyima. Hoja ya usalama wa taifa nayo ina uzito kwa mbinu za upelelezi, lakini ni nyepesi kwa kamera iliyotundikwa juu ya mlingoti mbele ya macho ya kila mpita njia.

Kwa anayetaka video: aripoti polisi siku hiyohiyo, achukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), ataje mahali na dakika, na amwombe mpelelezi aitenge kanda. Kama kamera ni ya duka au jengo, mwenyewe aandikiwe mara moja asiifute. Anayetaka picha zake mwenyewe atumie Sheria ya Ulinzi wa Data: jibu ni ndani ya siku 7, nyuso za wengine zinaweza kufichwa, na malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa anayetaka kumbukumbu: ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza kwa mkuu wa taasisi, likitaja hati na kipindi badala ya kuuliza maswali ya jumla. Mwombaji awe raia. Sababu haihitajiki, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Kinacholipiwa ni kunakili. Kimya baada ya siku 21 huhesabiwa kuwa kukataliwa. Ndani ya siku 30 za kukataliwa, rufaa hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, inayojulikana zaidi kama ofisi ya Ombudsman. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2016 yenye muda wa siku 30, na Uganda ina ya mwaka 2005 yenye siku 21. Zote mbili ni za raia pekee, na zote zinalinda faragha ya watu wengine, hivyo video ya mwizi haipatikani huko pia kwa njia hiyo.