Momenti ya pili ya eneo

Momenti ya pili ya eneo (huitwa pia momenti ya inesha ya eneo) ni kipimo kinachoonyesha jinsi eneo la umbo bapa lilivyosambaa mbali na mhimili fulani. Wahandisi hukitumia kukadiria ni kwa kiasi gani boriti, nguzo au bomba litapinda likibebeshwa mzigo. Alama yake ni I, na kizio chake ni urefu uliopandishwa kipeo cha nne, kwa mfano mm⁴. Isichanganywe na momenti ya inesha ya masi, inayohusu vitu vinavyozunguka kama gurudumu na kupimwa kwa kg·m².

Maana yake

Boriti iliyolazwa juu ya kuta mbili ikibebeshwa mzigo, sehemu yake ya juu hugandamizwa na ya chini huvutwa. Kati yake kuna tabaka lisilogandamizwa wala kuvutwa, na mhimili wake hupita kwenye kitovu cha eneo la mkato. Kipande cha eneo kilicho mbali na mhimili huo hurefuka au kufupika zaidi, na kani yake ina mkono mrefu zaidi. Umbali unaingia mara mbili. Ndiyo maana kila kipande huzidishwa kwa mraba wa umbali wake, kisha vyote hujumlishwa.

Galileo Galilei aliandika juu ya jambo hili mwaka 1638, lakini alichukulia kwamba boriti iliyochomekwa ukutani hugeuka kwenye ukingo wake wa chini. Mahali sahihi pa mhimili palifahamika baadaye.

Maumbo ya kawaida

Kwa mhimili wa mlalo unaopita kwenye kitovu:

Mstatili wenye upana b na kimo h: I = bh³/12
Pembetatu yenye kitako b na kimo h: I = bh³/36
Duara lenye kipenyo d: I = πd⁴/64
Bomba lenye kipenyo cha nje D na cha ndani d: I = π(D⁴ − d⁴)/64

Mhimili ukihamishwa sambamba kwa umbali s, huongezwa eneo mara s². Kanuni hii huitwa kwa jina la Jakob Steiner. Kwa mstatili uliopimwa kutoka kitako chake, jibu huwa bh³/3.

Ubao na matundu yake

Ubao wa mm 50 kwa 150 uliosimamishwa kwa ubavu una I ya mm⁴ 14,062,500. Ukilazwa bapa hubaki mm⁴ 1,562,500 tu. Mbao ni ileile na bei ni ileile, lakini uliolazwa hupinda mara 9 zaidi kwa mzigo uleule. Nguvu ya kutovunjika haipungui kwa kiasi hicho: hufuata I ikigawanywa kwa umbali hadi ukingoni, hivyo tofauti yake ni mara 3.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha hatari ya kukata boriti ili kupitisha bomba la maji au waya. Fundi akichonga pengo la mm 30 kwenye ukingo wa chini wa ubao huo, kimo hubaki mm 120. Ameondoa moja ya tano ya mbao, lakini I mahali pale imeshuka hadi mm⁴ 7,200,000, karibu nusu. Tundu la mm 30 likitobolewa katikati ya kimo, I hupungua kwa chini ya asilimia 1.

Bomba na nguzo

Fimbo ya chuma ya kipenyo cha mm 60 na bomba lenye kipenyo cha nje mm 100 na cha ndani mm 80 zina eneo sawa la chuma. Hata hivyo I ya bomba ni karibu mara 4.6 ya ile ya fimbo. Mwanzi unafaidika vivyo hivyo. Faida hii ina mpaka, kwani ukuta ukiwa mwembamba mno bomba hubonyea kabla ya kupinda. Boriti za chuma zenye umbo la I nazo huweka chuma kingi juu na chini, mbali na mhimili.

Kwa nguzo nyembamba, mzigo unaoifanya ipinde ghafla ulikokotolewa na Leonhard Euler katika karne ya 18: π²EI/L², ikiwa ncha zote mbili zinaweza kugeuka. E ni ukakamavu wa mada yenyewe na L ni urefu. Hapa hutumika I iliyo ndogo kuliko zote, na ndiyo sababu rula ikisukumwa kutoka ncha zake mbili hupinda daima upande wa bapa.