Raha ya Kula Peke Yako

Mpenzi msomaji, je, huona haya kuingia mkahawani peke yako ukaagiza chakula, ilhali meza za jirani zimejaa marafiki? Basi kutana na Goro Inogashira.

Huyu ni mhusika wa vibonzo vya Kijapani viitwavyo Kodoku no Gurume, vilivyotungwa na Masayuki Kusumi na kuchorwa na Jiro Taniguchi. Vilianza kuchapishwa jaridani mwaka wa 1994, na mnamo 2012 vikageuzwa kuwa mchezo wa televisheni.

Goro huuza bidhaa za kutoka ng'ambo. Kazi humzungusha mitaani, na njaa ikimshika huingia mkahawa wowote mdogo, akala wali na kitoweo chake kwa utulivu. Pombe hanywi.

Lakini usidhani hajali watu. Katika kisa kimoja, mwenye mkahawa anamfokea mfanyakazi wake, kijana mgeni nchini, mbele ya wateja. Chakula kinamshinda Goro. Anasimama, anamkemea tajiri huyo na hatimaye kumkunja mkono.

Kwa hivyo, msomaji, raha jipe mwenyewe, hata mezani. Ila tonge halishuki vyema mwenzako akidhalilishwa ukitazama.