Je, Wajua? Kadhi, wapagazi na kuku wa mnada

Je, wajua kwamba safari ya Biblia ya Kiswahili ilianza kwa msaada wa kadhi? Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Juni ya mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa mji. Mwezi uliofuata Krapf alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga, ng'ambo ya kisiwa, na bado hakuiacha kazi. Ukisikia watu wanarushiana maneno ya dini kwenye daladala, watajie huyo sheikh.

Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka mara ya kwanza mwaka 1891, kwa Kiswahili cha Unguja. Ya Kimvita ikafuata mwaka 1914. Pwani moja, Biblia mbili, mpaka ilipopatikana ile ya Union mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekaririshwa mistari yake katika shule ya Jumapili.

Wangapi hubeti soda kwamba mstari mfupi kuliko yote ni Yohana 11:35? Wataitoa hiyo soda. Fungua Kutoka 20, aya ya 13 hadi 15, katika Union: katazo la kuua, la kuzini na la kuiba, kila moja ni neno moja tu. Kwa upande wa pili, Zaburi ya 119 ina aya 176, na Zaburi ya 117 ina mbili. Mzee wa kanisa akikuuliza utasoma ipi Jumapili, jibu unalo.

Je, wajua kwamba saa za Agano Jipya ni saa zetu hizihizi? Wayahudi nao walihesabu saa za mchana kuanzia kunapokucha, kama tunavyofanya sisi. Giza la Ijumaa Kuu katika Mathayo 27 lilianza saa sita likaisha saa tisa. Petro na Yohana walipanda Hekaluni saa tisa, saa ya kusali (Matendo 3). Kornelio, yule akida wa Kirumi, aliona maono yake saa tisa (Matendo 10). Na siku ya Pentekoste, Petro aliwatetea wenzake kwamba hawajalewa kwa kuwa ilikuwa saa tatu asubuhi tu, utetezi ambao mtaani kwetu usingemshawishi kila mtu. Msomaji wa London anahitaji maelezo chini ya ukurasa ili aelewe hizo ni saa ngapi; mama muuza mchicha wa Morogoro haulizi. Ndiyo maana Mkatoliki anayesali Rozari ya Huruma ya Mungu saa tisa alasiri anasali saa ileile iliyoandikwa, bila kupiga hesabu yoyote.

Nani alimwombea marehemu David Livingstone? Si askofu, wala hakukuwa na padri. Alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wapagazi wake waliuzika moyo wake chini ya mti. Aliyesoma ibada ya maziko ni Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India. Yeye ndiye aliyechonga maandishi kwenye shina. Kisha Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, pamoja na wenzao waliubeba mwili hadi Bagamoyo, kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, Februari 1874. Miezi miwili baadaye Wainwright alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza ndani ya Westminster Abbey.

Mti ule haukuishia porini. Msalaba uliotengenezwa kwa mbao zake umo katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa kuanzia 1873 pale palipokuwa soko la watumwa. Ukifika altareni, tazama chini kabla hujatazama juu: kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Hapo ndipo inaposemekana ulisimama mti wa kufungia watumwa na kuwachapa viboko. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare hiyo.

Je, wajua kwamba Kanisa la Buganda lilikua wakati mapadri hawapo? Mapadri Weupe waliondoka mwishoni mwa 1882, wakarudi 1885, wakakuta waumini wameongezeka. Walei walikuwa wamefundishana. Na Kizito, mdogo kuliko mashahidi wote wa Uganda, alibatizwa na Karoli Lwanga, kijana wa ikulu kama yeye, usiku mmoja wa Mei 1886 walipokwisha kujua kinachowangoja. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao wana mashahidi wao wa mateso hayohayo. Kila Juni mahujaji huenda Namugongo kwa miguu, wengine wakitokea Kenya na Tanzania. Tumezoea kuhesabu historia ya Kanisa kwa majina ya wamisionari, na kwa maoni yangu tumekuwa tukihesabu kutoka upande usio wenyewe.

Mwinjilisti Apolo Kivebulaya, Mganda, alipeleka Injili Mboga, upande wa Kongo, akafia huko mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye misitu ambayo Injili ilikuwa bado haijaifikia.

Na tukiwa hapo Kongo, Wakongo wana misa yao. Roma iliidhinisha mpangilio huo mwaka 1988, ikiitwa misa ya Zaire. Toba haiji mwanzoni. Inakuja baada ya mahubiri, halafu watu hupeana amani. Sababu yake ni nyepesi: sikia kwanza Mungu anasema nini, ndipo ujue unatubu nini. Papa Fransisko aliadhimisha misa ya namna hiyo katika Basilika la Mtakatifu Petro, Desemba 2019.

Mwalimu Nyerere alibatizwa akiwa mtu mzima, mwaka 1943, ndipo akaitwa Julius. Uzeeni aliziandika Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, ubeti kwa ubeti, na zikachapishwa mwaka 1996. Hakuwa wa kwanza: Mathias Mnyampala wa Dodoma alikwisha kuiweka Injili katika utenzi kabla yake. Sijui kwaya zetu zinasubiri nini.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele. Leo jirani kumi na tano wanaosoma Injili ya Jumapili sebuleni kwa mtu, watoto wakichungulia dirishani, ndio wanaomjua muumini kuliko paroko. Omba ubatizo wa mtoto au ndoa uone: kabla ya yote utaulizwa barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Na siku ya msiba ndipo wengi hugundua kwamba walikuwa hawahudhurii.

Je, wajua kwamba kuku mmoja anaweza kutoa sadaka mara tatu? Nenda usharika wowote wa Kilutheri vijijini, baada ya ibada. Waumini hutoka nje kwa wimbo, wanazunguka uwanja, na mnada unaanza. Asiye na fedha ameleta alichonacho: mayai katika kisonjo, mkungu wa ndizi, muwa, jogoo aliyefungwa miguu. Mnadi, ambaye mara nyingi ni mzee mwenye utani kuliko wote, anapandisha bei huku akimtaja kwa jina yule mwalimu aliyejificha nyuma ya shangazi yake. Jogoo ananunuliwa, mnunuzi anasema arudishwe mezani, ananadiwa upya, anarudishwa tena. Wa tatu akimnunua anamkabidhi bibi mjane aliyekaa kwenye benchi la mbele, ambaye, kama ni mjanja, atamleta tena Jumapili ijayo.