Kilo ya Dagaa si Kilo ya Steki

Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mfupa ina takribani gramu 200 za protini. Mnofu wa samaki mbichi, awe sato au kibua, hauko mbali: gramu 180 hadi 200. Ubora nao haupishani sana, kwani vyote viwili vina asidi amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Ubishi wa buchani na sokoni ungeishia hapo, kama si dagaa.

Dagaa wa Mwanza waliokauka vizuri wana protini karibu gramu 60 katika kila gramu 100. Hawakuongezewa kitu, maji tu ndiyo yametoka. Steki karibu robo tatu yake ni maji, nayo mnunuzi huyalipia bei ya nyama. Kwa hiyo anayelinganisha bei kilo kwa kilo anajipunja: gramu 30 za dagaa wakavu zina protini ya kukaribia gramu 90 za nyama mbichi. Ila wawe wakavu kweli, na waliokaushwa kwenye vichanja. Wale walioanikwa chini ufukweni huja na mchanga, na mchanga nao hupimwa.

Kuna jambo lisilotajwa sana, nalo kwangu ndilo kubwa. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya zile asidi amino za lazima. Samaki na nyama wanayo tele. Mchuzi wa dagaa, hata wakiwa wachache, huziba pengo hilo, na protini iliyomo kwenye ugali wenyewe ikatumika vizuri zaidi. Mtoto hahitaji pande kubwa la nyama ili akue.

Tena dagaa huliwa na mifupa yao, yenye kalisi ambayo steki inayo kidogo sana. Wanaokata vichwa na kuvitupa wanatupa sehemu yake.

Kwenye madini ya chuma, nyama nyekundu inaongoza: chuma chake hufyonzwa kwa urahisi, jambo la maana kwa wajawazito na mabinti waliovunja ungo. Si lazima iwe steki. Nyama ya mchanganyiko ina chuma hicho hicho kwa bei nafuu, ingawa nyuzi zake ngumu zitakula mkaa mwingi, wakati samaki huiva kwa dakika chache.