Mlingoti: Kilwa mikono ipo, godoro la kuangukia hakuna

UKITAJA mlingoti kwenye kijiwe chochote cha soka mkoani Lindi, kuanzia Kilwa Masoko hadi jirani na Uwanja wa Ilulu, watu watakumbuka mpira uliogonga nguzo ya goli na kurudi uwanjani. Namungo ikiwa nyumbani kule Ruangwa, mlingoti ni adui au mkombozi, inategemea unashangilia upande gani.

Lakini kuna mlingoti mwingine, na huu mtu anaupanda. Anaukumbatia, anajiinua hadi juu, anageuka kichwa chini miguu juu, kisha anaachia mikono na kubaki ameshikilia kwa mapaja tu. Wengi wameuona kwenye klipu za simu. Wengi pia wameuona mahali pa aibu, kwenye filamu na video za muziki zinazoonyesha kumbi za usiku. Ndiyo maana mchezo huu ukitajwa kwenye kurasa za michezo, lazima kuna mzee atakohoa.

Mzee akikohoa, apewe hizi. Mwaka 2009 liliundwa Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Mlingoti, mwanzilishi wake akiwa Mwingereza Katie Coates. Mwaka 2012 mashindano ya kwanza ya dunia ya shirikisho hilo yakafanyika London. Mwaka 2017 chombo kilichokuwa kinakusanya mashirikisho ya michezo duniani, GAISF, kikalipa hadhi ya mwangalizi. Jukwaani kuna milingoti miwili, mmoja umetulia na mwingine unazunguka, kila mmoja una unene wa milimita 45, yaani unaenea kwenye kiganja cha mtu mzima. Mchezaji anapewa alama kwa ugumu wa mitindo, na mtindo usiposhikiliwa sekunde mbili hauhesabiki. Kuna madaraja ya watoto, wanaume, wazee na watu wenye ulemavu. Hakuna anayetupiwa noti pale.

Sasa Kilwa inaingiaje hapa? Huwezi kutembea Kilwa Masoko ukakuta ukumbi una mlingoti wa chuma unang'aa katikati. Utakachokuta ni vijana wanapiga samasoti kwenye mchanga wa ufukwe wa Jimbiza jioni, maji yakiwa yametoka. Na utakuta minazi. Hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo.

MNAZI NI MWALIMU

Mtazame mkwezi anayeijua kazi yake. Panga liko kiunoni, kitanzi cha kamba kiko miguuni, na hana haraka. Mgeni anadhani jamaa anajivuta kwa mikono. Hapana. Mikono inashika tu ili mwili usitoke nje, kazi yote inafanywa na miguu. Anapandisha nyayo, anabana, ananyoosha magoti, mwili unapanda. Mikono inafuata juu, inashika tena. Miguu ndiyo injini, mikono ni breki.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza wanayofundishwa wanaoanza mlingoti popote duniani, na ndiyo inayowashinda wengi. Mtu mwenye misuli mikubwa ya gym anakuja, anaudaka mlingoti, anajivuta kwa mikono mara tatu, ya nne ameshuka akihema. Dada mwembamba pembeni anapanda hadi juu bila jasho. Tofauti ni miguu. Anaweka muundi mbele ya mlingoti, mguu wa pili anaubana kwa nyuma, magoti yanakaza kama koleo, halafu anasimama. Anasimama kabisa, kama anainuka kwenye kigoda.

Kupanda huku kuliwahi hata kuwa mchezo wa Olimpiki. Kuanzia Athens 1896 hadi Los Angeles 1932, kukwea kamba kulikuwa kunatolewa medali katika baadhi ya michezo hiyo. Mwaka 1904 kule St. Louis, dhahabu ilikwenda kwa Mmarekani George Eyser, aliyepanda kamba ya zaidi ya mita saba kwa sekunde saba. Eyser alikuwa na mguu mmoja wa mbao. Siku hiyohiyo aliondoka na medali sita, tatu zikiwa za dhahabu. Baada ya 1932 kamba ikatupwa nje ya ratiba na haijarudi.

Wahindi wao hawakusubiri Olimpiki. Mallakhamb, mchezo uliokulia jimbo la Maharashtra, jina lake linatokana na mwanamieleka na nguzo, kwa sababu wapiganaji wa mieleka waliutumia kujenga mwili. Nguzo ni ya mti mgumu, imechimbiwa ardhini, inatokeza juu karibu mita 2.6, na inapakwa mafuta ya nyonyo ili ngozi isichubuke. Kuna wa kamba pia, ambao wasichana wengi wamepitia. Mwaka 2013 jimbo la Madhya Pradesh liliutangaza kuwa mchezo wake rasmi, na mwaka 2022 ukawemo kwenye michezo ya vijana ya taifa zima, Khelo India. Ni nguzo na mafuta tu, basi. Kifaa ambacho fundi seremala yeyote wa Kilwa Kivinje anaweza kukichonga.

WANACHOAMBIANA

Mchezo huu haujifunzi peke yako. Anayepanda haoni mwili wake, anayemwona ni aliye chini. Ndiyo maana wachezaji wa mlingoti wana desturi ya kupeana maelekezo muda wote, aliyejifunza jana anamwelekeza wa leo. Nani aende wapi, ashike wapi, kwa nini ameteleza. Ukiyakusanya maelekezo hayo utakuta ni yaleyale kila mahali.

La kwanza ni bega. Kabla miguu haijatoka chini, vuta mabega yashuke mbali na masikio. Ukining'inia bega likiwa sikioni, uzito wote unalala kwenye kano, na kano za bega zikichanika hiyo ni miezi nje ya uwanja. Makipa wanalijua hili.

La pili ni mafuta. Pwani watu wanajipaka, na mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi, lakini ukijipaka asubuhi sahau mlingoti siku hiyo. Chuma hakishikwi kwa nguvu za vidole peke yake, kinashikwa na ngozi inayong'ang'ania. Wenye kumbi wanafuta mlingoti kwa spiriti kila baada ya mtu kushuka, na viganja wanavipaka poda ya magnesi, ileile ya wanyanyua vyuma. Kwa joto na unyevunyevu wa Lindi hili si jambo la kupuuza. Ukisimamisha chuma nje, saa sita mchana hakigusiki, na chumvi ya bahari itakila. Muda wa mazoezi ni baada ya Alfajiri au jua likizama.

La tatu, pande zote mbili. Mtu anayetumia kulia anapenda kuzunguka kulia, kupanda kulia, kila kitu kulia. Baada ya mwaka mgongo wake umevimba upande mmoja na kiwiko kinauma. Wanaojua wanakuambia anza na upande mbovu ukiwa bado na nguvu.

La nne ndilo linalovunja watu. Kugeuka kichwa chini. Anayeanza anataka hilo siku ya kwanza, maana ndilo linalopendeza kwenye klipu. Anarusha miguu juu kwa pupa, kiuno kinafuata, mikono inashtuka, kichwa kinatangulia chini. Walimu wazuri hawaruhusu mtu ageuke mpaka aweze kupanda, kukaa juu ya mlingoti kwa mapaja bila mikono, na kuinua magoti hadi kifuani polepole bila kurusha. Ukishindwa kuinua polepole, hujafika. Hakuna njia ya mkato hapo, mwanangu.

Kuhusu maumivu, hakuna anayedanganya. Wiki za kwanza mapaja na miundi inavilia damu, inakuwa kama umepigwa daluga. Ngozi inazoea. Ila kuna maumivu ya ngozi na maumivu ya kiungo. La ngozi unavumilia, la kiungo unashuka.

Kitu kimoja kinachosumbua ni majina. Mitindo mingi ina majina mawili matatu ya Kiingereza, kila ukumbi na lake, na Kiswahili hakina kabisa. Ule wa kusimama ubavuni mwa mlingoti mwili umenyooka angani tayari wanasarakasi wengine wanauita bendera. Ule wa kuning'inia kwa goti moja kichwa chini, popo lingefaa sana. Kilwa wako huru kuyatoa.

NGOZI AU SURUALI

Hapa ndipo pwani ya Lindi ina swali lake halali. Mlingoti wa chuma unataka ngozi wazi, kaptura fupi, kwa sababu kitambaa kinateleza. Kwa mji wenye misikiti na wazazi waliokaa barazani, hilo halipiti, na hakuna sababu ya kulazimisha lipite.

Lakini upo mlingoti wa Kichina, ule wa sarakasi. Huu umevikwa mpira, na wanaoupanda wanavaa suruali ndefu, mikono mirefu na viatu, kwa sababu mpira unachubua ngozi vibaya. Wanapanda wawili watatu kwa mpigo, wanaruka kutoka mlingoti mmoja kwenda mwingine, wanashuka kichwa chini kwa kasi na kukaza sentimita chache kabla ya ardhi. Binti anaweza kuucheza amejisitiri vizuri, na ukamwinulia nguvu zilezile.

Na sarakasi ya Kichina si ngeni kwa nchi hii. Miaka ya 1960 serikali iliwapeleka vijana wa Kitanzania China kujifunza sarakasi, na waliporudi ndio waliotoa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi cha mwaka 1969. Vikundi vya taifa vya sanaa vilipovunjwa, mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Ujuzi ule haukupotea, ulishuka mtaani, kijana kwa kijana, kwenye mchanga.

Matunda yake dunia imeyaona. Ramadhani Brothers, yaani Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, mmoja akimbeba mwenzake kichwa kwa kichwa, walifika fainali ya America's Got Talent mwaka 2023, na Februari 2024 wakabeba ubingwa wa toleo la Fantasy League na dola 250,000. Watanzania wawili bila kamba wala kifaa. Huwezi kuwaambia watu hao sarakasi ni mchezo wa watoto wa ufukweni.

GODORO

Tatizo la Kilwa kwa hiyo si mikono, si moyo, si hata mlingoti. Ni cha kuangukia.

Mkwezi akianguka, mara nyingi haanguki mara mbili. Kila kijiji cha pwani kina mtu aliyevunjika uti wa mgongo mnazini, na familia iliyobaki kumhudumia. Wakwezi wenyewe wana kanuni zao, mvua ikiwa imelowesha mti hawapandi, na aliyechoka anashuka hata kama mikungu imebaki. Lakini chini ya mnazi hakuna kitu zaidi ya mizizi na vifuu. Vijana wa samasoti nao wana mchanga, ambao kwa kuruka unatosha, ila kwa mtu anayetoka mita tatu kichwa kikiwa mbele mchanga uliolowa ni sakafu.

Kwenye kumbi kubwa kuna godoro nene linalozunguka mlingoti mzima, na kuna mtu wa kudaka aliyesimama karibu. Kudaka nako ni ujuzi. Humshiki anayeanguka kama gunia. Unalinda kichwa na shingo, unamsaidia kiuno kigeuke, miguu itangulie. Wanasarakasi wanaanza kujifunza kudaka kabla ya kujifunza kudakwa, na mwenye kudaka vizuri anaheshimiwa kuliko mwenye kuruka vizuri. Kwenye klipu huyu huwa haonekani.

Swali la nani anunue godoro hilo linarudi palepale pa siku zote, kwamba sarakasi nchini imelelewa kama sanaa, wakati bajeti ya mipira na nyavu iko kwenye michezo. Mwalimu wa michezo wa sekondari akiandika barua ya kuomba godoro la sarakasi, haijulikani barua iende mlango upi. Breki densi nayo ilikuwa hivyo, watu wakibishana kama ni mchezo au ni muziki, hadi ikaingia Olimpiki ya Paris 2024. Imeachwa kwa Los Angeles 2028, lakini kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza kufanyika Afrika, imepangiwa nafasi. Mlingoti bado uko mbali na hapo.

Wakati barua inatafuta mlango, pwani ina godoro lake la zamani. Usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, umejaza magodoro ya vitanda vya pwani tangu enzi za mababu. Magunia yaliyoshindiliwa usumba, yakashonwa pamoja na kutandikwa juu ya mchanga mkavu uliolegezwa kwa jembe, yanatosha kwa mazoezi ya chini, yaani miguu ya mchezaji isipite urefu wa kifua cha anayedaka. Juu ya hapo hayatoshi, na anayesema yanatosha hajawahi kuanguka. Na yakilowa lazima yaanikwe siku nzima.

Nguzo yenyewe ichimbiwe angalau mita moja ardhini, itikiswe na watu wawili wazima kabla mtoto hajaigusa, na itikiswe tena kila asubuhi.