Akili mnemba: Kwa nini zana za wakala zahitaji maelezo yaliyo wazi

Mistari michache ya maelezo yaweza kuamua kama msafiri atawahi basi au ataachwa. Hivyo ndivyo ilivyo tangu programu za akili mnemba zijulikanazo kama mawakala zianze kutenda kazi kwa niaba ya watu: kutafuta safari, kujaza fomu, kupanga miadi na hata kuandaa malipo.

Wakala hufanyaje kazi?

Wakala huongozwa na modeli ya lugha, yaani mfumo wa kompyuta uliofunzwa kwa maandishi mengi mno. Peke yake, modeli hiyo haiwezi kujua basi gani lina nafasi kesho. Ndiyo maana hupewa zana, ambazo ni programu ndogo ndogo, kila moja ikiwa na kazi yake. Mnamo Juni 2023, kampuni ya OpenAI ya Marekani iliwawezesha watayarishaji wa programu kuunganisha modeli zake na zana za namna hiyo. Novemba 2024, Anthropic, nayo ya Marekani, ilitoa utaratibu ulio wazi kwa wote uitwao Model Context Protocol, ili kurahisisha uunganishaji huo.

Kwa kawaida modeli haioni jinsi zana ilivyotengenezwa. Husoma jina la zana, maelezo yake na orodha ya taarifa zinazohitajika, kisha huamua kuitumia au kuiacha. Lisiloandikwa, modeli hulikisia.

Saa mbili ya nani?

Tuchukue mfano wa mama aliyeko Kampala, mwenye miadi ya hospitali mjini Kigali. Anamwambia wakala: "Nitafutie basi la kesho saa mbili asubuhi." Zana iliyopo imeelezwa kwa maneno mawili tu: "Hushughulikia safari."

Hapo ndipo matatizo huanzia. Saa mbili asubuhi kwa Kiswahili ni 08:00, lakini modeli iliyofunzwa zaidi kwa Kiingereza yaweza kuandika 02:00. Saa za Uganda ziko mbele ya zile za Rwanda kwa saa moja. Tarehe 03/04 kwetu ni 3 Aprili, ilhali Mmarekani huisoma 4 Machi. Nauli ikirudishwa kama tarakimu tupu, haijulikani ni shilingi za Uganda au faranga za Rwanda. Tena, je, "kushughulikia" ni kutafuta tu, au ni kukata tiketi na kulipa?

Maelezo yafaayo yangeweza kusomeka hivi:

"Hutafuta mabasi yenye nafasi kati ya miji miwili. Haikati tiketi wala haipokei malipo. Tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku: 2026-04-03. Saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24, kwa majira ya mji wa kuondokea. Msafiri akisema saa mbili asubuhi kwa Kiswahili, andika 08:00. Nauli hurudishwa pamoja na jina la sarafu. Orodha ikiwa tupu, maana yake hakuna basi siku hiyo: usibuni safari, bali muulize msafiri kama anaweza kubadili tarehe."

Maelezo hayo yanataja kazi ya zana, mipaka yake, namna ya kuandika kila taarifa, na la kufanya jibu lisipopatikana.

Madhara ya kutokubaliana kuhusu vipimo yalijulikana kabla ya mawakala hawa. Septemba 1999, shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo chake Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za metriki.

Uwazi si urefu

Hata hivyo, maelezo marefu kupita kiasi nayo huleta hasara, kwani modeli hulazimika kuyasoma yote pamoja na ombi la mtumiaji. Zana mbili zenye maelezo yanayofanana huikanganya zaidi. Njia nyepesi ya kuyapima ni kumpa maelezo hayo mwenzako asiyeujua mfumo, pamoja na maombi kumi ya kweli, kisha umtake achague zana na kuandika taarifa zake. Atakapokwama, huenda modeli nayo ikakwama.

Aidha, maelezo si kufuli. Kuandika "usilipe bila idhini" hakutoshi. Programu yenyewe lazima izuie malipo hadi mtu athibitishe. Na kwa kuwa modeli huyasoma maelezo kama maagizo, mtu mwenye nia mbaya aweza kuficha amri humo. Zana itokayo kwa mtu usiyemfahamu yafaa isomwe kwanza na binadamu.

Kwa wasemaji wa Kiswahili katika nchi zetu jirani, kazi hii haiwezi kuachiwa mafundi wa kompyuta pekee. Atakayeandika maelezo ya zana ya mabasi sharti ajue msafiri wa Kampala anaposema saa mbili, anamaanisha saa ngapi.